Mstari Kwenye Nafasi ya Baba

Tuliitafuta namba ile barabara nzima, kwenda na kurudi. Mama mkwe alikuwa ameshika cheti cha kuzaliwa cha baba yake ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe. Ni mji mdogo wa soko, kaskazini mwa Norfolk, mashariki ya Uingereza. Cheti kinasema mtoto wa kiume, mwaka 1912, kisha kinataja barabara na namba ya nyumba kama cheti kingine chochote.

Nyumba za kushoto tulizihesabu. Za kulia pia. Pale namba ilipotakiwa kuwepo hapakuwa na nyumba ya mtu. Palikuwa na jengo refu la matofali mekundu, lenye mabawa mawili na madirisha madogo madogo yaliyopangwa safu kwa safu. Siku hizi limegawanywa fleti, na uani wamepaki magari.

Mama mkwe ana miaka 85 na macho yake ya mbali yamechoka. Lakini alilitazama muda mrefu.

"Turudi nyumbani," akasema.

Njia nzima hakutamka neno jingine. Usiku ule nilikaa kwenye kompyuta hadi nikapata maelezo. Kuanzia mwaka 1904, msajili mkuu alielekeza kwamba mtoto akizaliwa ndani ya nyumba ya maskini, yaani lile jengo ambamo waliokosa riziki walihifadhiwa na kufanyishwa kazi, cheti chake kisiitaje nyumba hiyo. Kiandikwe anwani ya kawaida, barabara na namba, ili mtoto asiibebe aibu ile kila atakapodaiwa cheti maishani.

Nilizima kompyuta. Wiki tano zikapita sijamwambia.

Hana watu?

Jambo hili lilianzia mbali na Norfolk. Lilianzia Ikwiriri, kwetu Rufiji, mwaka 2013, siku mume wangu alipokuja kuposa. Baba mkubwa aliuliza lile linaloulizwa: kwao ni wapi, na watu wake ni nani? Mume wangu alimtaja baba yake, akamtaja babu mzaa mama, akanyamaza. Ukimya ule nikautafsiri nilivyoweza. Wazee hawakumvunjia heshima. Wali uliliwa na dua ikasomwa. Lakini jioni baba mkubwa aliniita chini ya mkorosho, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu mtu hana watu?"

Mimi majina saba ya upande wa baba niliyajua kwa moyo kabla sijajua kusoma.

Nilipohamia Norwich, huko huko Norfolk, nikamuuliza mama mkwe. Namwita Mama tu, na ingawa kwao si desturi kwa mkwe, amelizoea na nadhani analipenda. Alicheka, akasema hakuna cha kutafuta. "Sisi tulikuwa vibarua wa mashambani tu."

Hilo "tu" ndilo lililonikaa.

Majina ya ukoo wake siyaweki hapa. Ameniomba hivyo, na baada ya yale niliyoyaona naelewa kwa nini.

Kibarua na barua yake

Sensa za Uingereza zilianza 1801, lakini ni tangu 1841 ndipo makarani waliandika majina ya watu wote, nyumba kwa nyumba, kwa daftari zilizotunzwa. Nilipofungua kurasa za kijiji chao za mwaka huo, safu ya kazi ilikuwa imejaa kifupisho kimoja kutoka juu hadi chini: "Ag. Lab." Kibarua wa shamba. Kibarua wa shamba. Kibarua wa shamba. Katikati fundi viatu mmoja, mwenye kilabu mmoja, kisha vibarua tena hadi mwisho wa ukurasa. Karani alichoka kuliandika neno zima.

Kwetu neno kibarua lenyewe limetokana na barua, ile karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, akairudisha ndipo alipwe. Nililifikiria hilo usiku mwingi. Kwa sababu kibarua wa Norfolk naye anajulikana kwa karatasi, isipokuwa karatasi zake zote ziliandikwa na watu wengine. Kasisi alimwandika alipobatizwa, alipooa na alipozikwa. Parokia ilimwandika alipoomba unga, na hakimu alipoiba. Mwaka ambao alishiba, akawa mzima na hakuzaa mtoto, hakuna aliyechukua kalamu.

Kwa hiyo ukimsoma yeye kwa karatasi, utadhani maisha yake yote yalikuwa shida.

Hili lilinisumbua tangu mwanzo na bado linanisumbua. Kwetu tunasimuliana sifa za babu na mashaka tunayafunika. Huku mashaka ndiyo yaliyohifadhiwa kwenye makabati yenye ubaridi maalumu, na zile sifa zilikufa na wenyewe.

Mhunzi niliyemnyang'anya

Kosa langu kubwa lilikuwa la haraka. Nilikuwa nimemfikia kijana aliyeoa mwaka 1858, baba yake kibarua, sahihi yake alama ya X. Kurudi nyuma nilihitaji ubatizo wake. Sensa ya 1841 haisaidii sana kwa umri, maana wakubwa walipunguziwa miaka hadi tarakimu inayogawanyika kwa tano. Ya 1851 ni afadhali, inataja hata parokia mtu alipozaliwa. Daftari la ubatizo likanipa jina lile lile, kijiji kile kile, mwaka 1832. Baba: mhunzi.

Nilipanda juu kwa furaha. Kwa mhunzi yule mambo yalikuwa mepesi: alikuwa na wosia, alikuwa na karakana, na baba yake pia alikuwa mhunzi. Vizazi vinne nikavikusanya kwa wiki mbili. Nikamwambia mama mkwe kwenye simu, naye akafurahi kuliko nilivyotarajia. Akasema sasa anajua mikono mikubwa ya baba yake ilitoka wapi. Akamweleza jirani. Akamweleza mtu wa kanisani.

Cheti cha ndoa kilisema kibarua, na mimi nikajiambia labda kasisi alikosea.

Kasisi hakukosea. Jumamosi moja, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilipita kwenye daftari la mazishi la 1835 nikaliona jina lile. Umri: miaka mitatu. Mtoto wa mhunzi.

Nilikuwa nimempa wajukuu mtoto aliyekufa hajaota meno yote.

Kijana wetu alikuwa mwingine, jina moja na ukoo mmoja, aliyebatizwa 1834. Baba yake kibarua, kama cheti kilivyosema. Ilibidi nimpigie mama mkwe na kumwondolea mhunzi wake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Huyo mtoto alikuwa na mama yake, na yeye aandikwe mahali." Nikamwandika. Yupo kwenye daftari langu, ukurasa wa peke yake.

Siku tatu pungufu

Huyo kibarua wa kweli, baba wa yule wa 1834, ndiye mtu pekee wa zamani ambaye nimesikia kitu kinachofanana na sauti yake.

Sheria ya ukaazi ya 1662 ilimfunga maskini na parokia yake. Ukiishiwa, parokia "yako" ndiyo ilipaswa kukulisha. Ukiwa kwingine, ulirudishwa kwenu kwa amri ya mahakimu. Ndiyo maana walimhoji mtu kabla ya kumpa chochote: ulizaliwa wapi, ulifanya kazi kwa nani, muda gani. Majibu yaliandikwa, na karatasi zile ziliwekwa kwenye kasha la kanisa. Yake ni ya mwaka 1829. Ana miaka 22, ana mke mjamzito, na ameomba msaada.

Kufanya kazi mwaka mzima kwa mwajiri mmoja kulikupa haki ya kuwa mtu wa parokia ile. Basi wenye mashamba walijua la kufanya. Yeye aliajiriwa sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, na akaachishwa ilipokaribia sikukuu hiyo mwaka uliofuata, siku tatu kabla mwaka haujatimia. Kisha akaajiriwa tena na mtu yule yule. Mahakimu waliandika kwamba hakupata haki. Chini yake, X.

Naijua mikataba ya namna hiyo. Nimefanya kazi ya kulea wazee katika nchi hii.

Mwaka uliofuata, 1830, vibarua wa kusini na mashariki ya Uingereza waliinuka. Mashine za kupura nafaka zilikuwa zimewanyang'anya kazi ya msimu wa baridi, ile iliyokuwa ikiwavusha hadi mavuno mengine, nao wakazivunja. Huku Norfolk mahakimu wa North Walsham walifikia kuwashauri wenye mashamba waache kuzitumia. Serikali haikuwa na huruma hiyo: nchi nzima walinyongwa watu 19, na karibu 500 wakapakiwa melini kupelekwa Australia. Nilipekua majina ya wafungwa wa Norfolk, kidole kwenye kioo, moyo unadunda. Hayumo.

Nilifurahi. Halafu nikajiuliza nimefurahia nini.

Kuamia

Ukurasa ulionigeuza ni wa sensa ya 1871. Mtoto wa yule mwenye ndoa ya 1858, miaka minane. Ndugu zake wakubwa ni vibarua. Mdogo anayemfuata ameandikwa mwanafunzi. Yeye, kwenye safu ya kazi, karani ameandika kwamba anafukuza kunguru.

Kiingereza kinahitaji maneno mawili matatu kulisema. Sisi tuna moja. Kuamia.

Niliuamia mpunga wa bibi yangu Rufiji nikiwa na miaka hiyo hiyo. Nilikaa juu ya dungu na kopo la mawe na kombeo, kuanzia alfajiri hadi jua linapoingia, na kwelea kwelea wakija kama wingu. Najua sauti inavyokauka. Najua usingizi wa saa nane mchana na hofu ya kuamka ukute wametua. Lakini mimi nilikuwa na dungu lenye kivuli, binamu yangu kwenye dungu la pili, na muhogo wa kuchoma. Watoto wa Norfolk walisimama peke yao kwenye udongo wa Februari na Machi, ngano ndiyo imepandwa, wakigonganisha vibao na kupiga kelele, na upepo wa bahari ya kaskazini hauna mlima wa kuuzuia.

Nilimsomea mama mkwe ukurasa ule nikamweleza dungu ni nini. Akainuka akachemsha chai bila kusema kitu. Aliporudi aliuliza, "Wewe walikulipa?"

"Hapana, Mama. Lilikuwa shamba la bibi."

"Yeye alilipwa," akasema, kama anayetetea mtu aliyemjua.

Kuna mtu mmoja wa Norfolk ambaye habari zake zilinisaidia kumwona mtoto huyo. George Edwards, aliyezaliwa Marsham mwaka 1850. Baba yake alifungwa kwa kuchukua turnipu chache, ile mizizi kama figili waliyokuwa wakilisha ng'ombe na kondoo, awapelekee watoto wake. Familia ikaishia nyumba ya maskini. Edwards alianza kuamia akiwa na miaka sita. Hakujua kusoma hadi alipooa, mkewe Charlotte ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1906 aliasisi chama cha vibarua wa mashambani pale North Walsham, na mwaka 1920 akaingia Bungeni.

Wa kwetu hakuingia popote. Mwaka 1885 alioa: mke aliandika jina lake, mume aliweka X. Lakini sensa ya 1911 ndiyo ya kwanza ambayo fomu zilizojazwa na wenye nyumba wenyewe zimehifadhiwa, na chini ya fomu ya nyumba ile kuna sahihi. Herufi kubwa, nzito, moja imepanda juu ya mstari. Ni jina lake lote.

Nani alimfundisha, na lini? Ninaitazama sahihi ile, kisha namtazama mkewe kwenye safu ya pili. Fomu ya mwaka huo iliuliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi, wangapi hai, wangapi wamekufa. Kumi na mmoja. Wanane. Watatu.

Hausigeli

Mmoja wa wale wanane ni binti wa miaka 22. Hayumo kwenye fomu ya baba yake. Usiku wa sensa, tarehe 2 Aprili 1911, yuko maili chache kutoka kwao, kwenye nyumba ya mwenye shamba, mtumishi wa ndani. Hausigeli, kama tunavyosema. Ndani ya nyumba ile wamo bwana, bibi, mabinti wawili, na kijana wa kiume wa miaka 24 ambaye hajaoa.

Mwaka uliofuata binti yuko nyumba ya maskini anajifungua. Kwenye cheti, nafasi ya jina la baba imechorwa mstari.

Unaona jinsi akili inavyokimbia. Yangu ilikimbia. Nilishaichora hadithi nzima, nikamchukia kijana yule kwa jina lake, nikaanza kutafuta picha zake. Kisha nikamkumbuka mhunzi. Mle shambani mlikuwa na wavulana wawili wa farasi, kulikuwa na mpenzi wa kijijini, kulikuwa na dunia nzima ambayo sensa ya usiku mmoja haikuiona. Mstari ule aliuchora karani, na huenda binti alikuwa na jina kinywani ambalo alichagua kutolitoa. Nikilijaza mimi, nitakuwa nimemsemea.

Sikulijaza.

Nilikwenda Gressenhall, katikati ya Norfolk, ambako nyumba ya maskini iliyojengwa 1777 sasa ni makumbusho. Nilitaka kuona ukubwa wa vyumba. Kulikuwa na uwanja wa wanaume na uwanja wa wanawake, ukuta katikati. Mtu na mkewe walitenganishwa mlangoni, na waliweza kukaa hivyo miezi humo humo. Katika karne ya 19, mama asiye na mume pale alivalishwa koti la namna yake, ajulikane kwa mbali. Hadi kufikia 1912 mambo yalikuwa yamelegea, lakini watu wa vijijini walikuwa na kumbukumbu ndefu. Nilisimama uwanjani nikamwazia akitoka na kichanga kwenye mikono. Atokee mlango gani, aelekee wapi?

Mjukuu

Jibu lilitoka kwenye sensa ya 1921, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwezi Januari 2022. Ni bahati tunayo hiyo. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Mtoto ana miaka tisa. Yuko nyumbani kwa babu yake, yule aliyeamia. Mama yake yuko Norwich, mpishi kwenye nyumba ya watu.

Familia nyingi zilimficha mtoto kama huyo kwa kumwandika "mwana" wa babu na bibi, na wengine walikua wakimwita mama yao dada. Mzee alikuwa na kalamu mkononi, sahihi ile ile nzito, na hakuna ambaye angemuuliza. Aliandika "mjukuu." Na jina la ukoo aliloandika mbele yake ni lake mwenyewe.

Nililia, naandika hivyo hivyo. Mzee wa miaka 58 aliyejifunza herufi ukubwani, na alipopewa nafasi ya kuandika uongo mwepesi hakuuandika.

Hapo ndipo nilipojua sina haki ya kuendelea kumficha mama mkwe.

Aliletwa

Lakini nilichelewa wiki nyingine, na sababu ilikuwa kwangu. Katika mazungumzo yetu mama mkwe alikuwa ameniomba nimsomee yale majina saba. Nikayasoma, fulani bin fulani bin fulani, kwa fahari. Alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Na mama zao?"

Nilimpigia baba mkubwa. Alinitajia mama wa babu. Akanitajia mama wa huyo, na kijiji chake, na shamba lake la minazi. Nikauliza wa tatu. Simu ikawa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Huyo aliletwa," akasema.

Mtu aliyekulia kati ya Rufiji na Kilwa haulizi zaidi ya hapo. Watu walikuwa wakiletwa kutoka bara, kwa njia ile tunayoijua wote. Jina alilopewa alipofika, baba mkubwa analo. Alilokuja nalo halipo.

Kwenye daftari langu, mbele ya jina lake, nimechora mstari.

Alizunguka

Nilimwambia mama mkwe Jumapili, jikoni kwake, cheti kikiwa mezani. Nilimweleza mwaka 1904, nikamweleza anwani. Alikuwa akimenya viazi na hakuacha.

"Nililijua jengo lile tangu tuliposimama," akasema. "Baba alikwenda mji ule kila Alhamisi kwa baiskeli, siku ya soko. Njia fupi inapita pale. Yeye alizunguka kwa juu, karibu maili mbili zaidi, mvua au jua. Nikiwa mdogo alinipakia nyuma. Nikimuuliza, anasema kule juu kuna mwonekano mzuri."

Akaosha mikono. "Hakuna mwonekano wowote kule juu."

Kisha nikamwonyesha "mjukuu." Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Alisoma neno lile moja kwa muda ambao mtu angesoma barua nzima.

Mume wangu ameshauri kipimo cha vinasaba. Siku hizi unatema mate kwenye kichupa na huenda mstari ule ukapata jina. Nimemwachia mama mkwe aamue. Amesema hapana, si sasa, na kwamba baba yake alikuwa na baba, yule aliyejaza fomu.

Jioni tulimpigia baba mkubwa Ikwiriri. Nilimtajia watu wa mume wangu, kuanzia mama mkwe kurudi nyuma: baba yake, kisha yule binti mpishi, kisha aliyeamia, kisha mwenye ndoa ya 1858, kisha yule wa siku tatu pungufu. Baba mkubwa aliyarudia majina moja moja, akiyatamka kwa Kirufiji, na mama mkwe alitabasamu kuyasikia. Alipofika kwa binti akasimama.

"Huyu mama," akauliza, "amezikwa wapi?"

Nikatafsiri. Nilidhani hatakuwa na jibu. Mpishi yule alikufa 1936, miaka minne kabla mama mkwe hajazaliwa, na sikuona kaburi lake kwenye orodha yoyote.

"Kanisani kwetu, upande wa kaskazini, karibu na ua wa miiba," mama mkwe akasema. "Hana jiwe. Baba alikuwa akikata nyasi pale kila mwezi wa tano. Hakutuambia ni nani."

Kesho asubuhi tunakwenda. Ameshaweka mkasi wa nyasi kwenye kikapu, na glavu mbili, za kwake na zangu.